Tetemeko Dogo la London, 1750, na Wachungaji Waliolichunguza

Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016, saa tisa na nusu hivi alasiri, ardhi ilitetemeka mkoani Kagera. Tetemeko lilikuwa la kipimo cha 5.9. Nyumba nyingi za Bukoba na vijiji vya jirani zilianguka au kupasuka, shule ziliharibika, na zaidi ya watu kumi walipoteza maisha. Usharika niliokuwa nikiutumikia wakati huo uko mbali sana na Kagera, nasi hatukuhisi kitu. Lakini katika ibada ya jumuiya ya juma lile, mzee mmoja wa kanisa alisimama akasema kwamba Mungu hapigi bila sababu, na kwamba watu wa kule wajichunguze wamefanya nini. Wengi waliitikia kwa kutikisa vichwa. Kwenye benchi karibu na mlango alikuwa ameketi mama mmoja ambaye nyumba ya kaka yake ilikuwa imeanguka Bukoba. Aliinuka taratibu, akatoka nje. Mimi, mchungaji wake, nilikuwa pale pale, na sikusema neno.

Siku ya tatu nilikwenda kumtembelea. Alinikaribisha chai, tukazungumza habari za kaka yake, ambaye kwa neema ya Mungu alikuwa mzima. Nilipotaka kuaga aliniambia, "Baba Mchungaji, yule mzee simlaumu. Amesema anachoamini. Wewe ndiye niliyekuwa nakusubiri useme."

Maneno hayo nimeyabeba mpaka leo. Chuoni nilifundishwa mafungu ya Biblia yanayohusu mateso, na ningeweza kuyataja yote bila kufungua kitabu. Nilichokosa ni mfano wa watu wa Kanisa waliowahi kusimama mahali kama pale, wakasema jambo mbele ya watu wenye hofu, ili niwapime na kujifunza kwao. Nimeutafuta mfano huo, na nimeupata London, mwaka 1750. Nimechagua kisa hiki kwa sababu tetemeko lenyewe lilikuwa dogo. Palipo na msiba mkubwa, machozi hutuziba macho. Penye mtikisiko mdogo tunaweza kutazama kwa utulivu jinsi watu wanavyofikiri juu ya Mungu ardhi inapotikisika.

Mitikisiko miwili

Uingereza si nchi ya matetemeko. Iko mbali na kingo za yale mabamba makubwa ya miamba yanayounda gamba la dunia, wala haina kitu kama Bonde letu la Ufa. Hata hivyo ardhi yake haijatulia kabisa. Mkandamizo hujikusanya polepole ndani ya miamba, na mara kwa mara ufa wa kale huteleza kidogo. Siku hizi vyombo hurekodi mitikisiko kati ya 200 na 300 kila mwaka nchini humo, lakini watu huhisi michache tu, na mingi ya hiyo haivunji hata kikombe.

Tarehe 8 Februari 1750, kati ya saa sita na saa saba mchana, mtikisiko wa namna hiyo uliipata London. Wanasheria waliokuwa mahakamani katika ukumbi wa Westminster walidhani jengo linawaangukia. Baada ya muda mfupi kila mtu alirudi kwenye shughuli zake. Lakini tarehe 8 Machi, kati ya saa kumi na moja na saa kumi na mbili alfajiri, wengi wakiwa bado kitandani, ardhi ilitikisika tena, mara hii kwa nguvu zaidi. Dohani kadhaa zilianguka, kengele za makanisa zililia zenyewe, na watu walikimbilia barabarani wakiwa na nguo za kulalia.

Wataalamu wa leo, wakipima kwa taarifa zilizoandikwa siku zile, wanakadiria kwamba mtikisiko wa kwanza haukufika kipimo cha 3, na wa pili ulizidi 3 kidogo tu. Kwa hesabu hiyo, tetemeko la Kagera lilitoa nishati zaidi ya mara elfu kumi ya ule mkubwa wa London. Lakini mtu ambaye hajawahi kuhisi ardhi ikitikisika hana kipimo cha kulinganisha. Kwake yeye, kitu alichokiamini kuliko vyote kimemsaliti.

Alfajiri ile Charles Wesley, kasisi wa Kianglikana na mmoja wa waanzilishi wa uamsho wa Wamethodisti, alikuwa akihubiri mbele ya waumini waliokusanyika mapema. Alikuwa ndiyo kwanza anataja fungu lake wakati jengo lilipotikisika, nao wakatazamia kwamba lingewaangukia. Wanawake na watoto walipiga kelele. Hapo hapo Wesley aliliacha fungu lake, akapaza sauti na kutamka maneno ya Zaburi ya 46, kwamba watu wa Mungu hawataogopa hata nchi ikibadilika. Sisi Walutheri zaburi hiyo tunaifahamu vizuri, kwa maana ndiyo Martin Luther aliyoitumia kutunga wimbo wake maarufu wa Mungu aliye ngome. Nadhani Wesley alifanya jambo sahihi kabisa. Sekunde zile hazikuwa za kueleza chanzo cha tetemeko. Waliokuwa na hofu walihitaji ahadi, naye aliwapa.

Hofu na hesabu ya siku ishirini na nane

Matatizo yalianza baadaye, watu walipopata nafasi ya kufikiri. Kati ya tarehe 8 Februari na tarehe 8 Machi mwaka ule zilipita siku 28 kamili. Askari mmoja wa kikosi cha walinzi wa mfalme alianza kutangaza kwamba baada ya majuma mengine manne, yaani tarehe 5 Aprili, lingekuja tetemeko la tatu ambalo lingeimeza London yote. Askari huyo alifungwa katika nyumba ya wagonjwa wa akili, lakini neno lake lilikuwa limeshatoka, na neno likishatoka halirudi.

Siku ile ilipokaribia, wenye uwezo walianza kuondoka mjini. Horace Walpole, mwandishi aliyependa kuwacheka watu wa tabaka lake, aliandika kwamba katika siku tatu yalihesabiwa magari ya farasi 730 yakipita kwenye pembe ya Hyde Park kuelekea mashambani. Mabibi wengine walishona magauni mazito ya kukaa nayo nje usiku kucha. Wasio na magari walijaa viwanjani. Usiku wa manane mhubiri George Whitefield alikwenda Hyde Park akawahubiria umati uliokuwa ukingoja mwisho wake gizani.

Asubuhi kulikucha. Ardhi haikutikisika. Magari ya farasi yakaanza kurudi.

Hapa, ndugu msomaji, tukumbuke kuwahurumia wale waliokesha. Nimeona watu wetu wakiuza mbuzi na kuacha kupanda mbegu kwa sababu mtu fulani ametaja tarehe. Bwana mwenyewe alikataza kuhesabu siku na saa, lakini hofu ikimshika mtu hupenda kupewa tarehe, kwa sababu tarehe ina mwisho, na hofu isiyo na tarehe haina.

Waraka wa Askofu

Askofu wa London wakati huo alikuwa Thomas Sherlock, mzee mwenye elimu kubwa. Aliandika waraka kwa makasisi na watu wa London na Westminster kuhusu mitikisiko ile, na maelfu ya nakala zilienea kwa muda mfupi. Aliwaonya watu wasijifariji kwa maelezo ya wanafalsafa juu ya sababu za kiasili, wakaacha kusikia onyo la Mungu. Aliona kwamba mitikisiko imeipata hasa miji hiyo miwili, akachukua jambo hilo kuwa dalili kwamba onyo limeelekezwa kwao. Kisha akataja dhambi za mji: makufuru, vitabu vichafu, kamari, anasa.

Ni rahisi kwetu leo kumcheka Askofu Sherlock. Mimi simcheki, kwa sababu mbili. Kwanza, alisema na watu wake mwenyewe. Hakukaa London akawataka watu wa mji mwingine wajichunguze, kama tulivyofanya katika jumuiya yetu. Pili, dhambi alizozitaja zilikuwepo kweli, na toba ni neno jema kila siku.

Lakini hoja yake ilikuwa na ufa. Ikiwa tetemeko la London lilikuwa ujumbe kwa London, basi mwaka ule huo mitikisiko ilihisiwa pia pande za Portsmouth kusini, Chester kaskazini magharibi, na Northampton katikati ya nchi. Je, hiyo nayo ilikuwa barua zenye anwani? Aidha, toba iliyojengwa juu ya tetemeko hudumu kadiri ya tetemeko. Watu waliotubu usiku wa tarehe 4 Aprili kwa kuogopa kumezwa na ardhi walikuwa na sababu gani ya kuendelea tarehe 6, ilipoonekana kwamba ardhi haimmezi mtu? Mhubiri akiitumia hofu kama kuni, lazima atafute kuni nyingine kila siku.

Makasisi walioshika kalamu

Kulikuwa na kundi jingine la watumishi wa Kanisa ambao habari zao zilinishangaza zaidi. Hawa walichukua kalamu wakaanza kuuliza: Ulikuwa wapi? Ulikuwa umelala au umesimama? Kitanda kiliyumba kuelekea upande gani? Ulisikia sauti kabla au baada? Ni nini kilianguka?

Chama cha wanasayansi kiitwacho Royal Society kilipokea barua nyingi za mashahidi kutoka London na mikoani, kikazichapa pamoja. Miongoni mwa walioandika walikuwa makasisi. Stephen Hales, kasisi wa Teddington, alikuwa tayari mashuhuri kwa kupima msukumo wa damu katika mishipa ya farasi. Alfajiri ya tarehe 8 Machi alikuwa London, ameamka kitandani katika chumba cha chini. Alihisi kitanda kikiinuka, akasikia mvumo ndani ya nyumba, kisha mlio juu angani kama wa mzinga mdogo. Alikadiria kwamba jambo lote lilichukua sekunde nne hivi. Mtu aliyetikiswa alfajiri, akiwa kitandani, anahesabu sekunde! Maelezo yake yalisomwa mbele ya Royal Society tarehe 5 Aprili 1750, siku ile ile ambayo mji ulitazamia kumezwa. Wengine wakiwa wamekimbilia viwanjani, wengine walikaa ukumbini wakisikiliza habari za mvuke wa kiberiti na hewa.

Mwingine alikuwa William Stukeley, daktari aliyegeuka kuwa kasisi, rafiki wa Isaac Newton na mchunguzi wa mawe ya kale ya Stonehenge. Stukeley aliona kwamba mtikisiko ulienea eneo kubwa kwa dakika moja, bila moshi wala moto kutoka ardhini. Kwa hiyo aliikataa nadharia ya zamani kwamba matetemeko husababishwa na mvuke unaolipuka mapangoni, akadai kwamba chanzo ni umeme, ambao siku zile ulikuwa habari mpya. Alisisitiza pia kwamba kujua chombo hakumwondoi mwenye kukitumia: Mungu anaweza kuonya watu kwa umeme kama kwa njia nyingine yoyote.

Wote wawili walikosea. Chanzo si kiberiti angani, wala si umeme. Hata saa zao zilitofautiana: Charles Wesley aliandika kwamba ilikuwa robo saa baada ya saa kumi na moja, wengine wakasema nusu. Kwa saa za namna hiyo hawangeweza kupima mwendo wa mtikisiko. Lakini waliandika walichokiona kwa uaminifu, na kwa sababu hiyo wataalamu wa karne yetu wanaweza kuzisoma barua zile na kukadiria ukubwa wa tetemeko. Nadharia zao zimekufa, ushuhuda wao ungali hai. Mchungaji anapaswa kulikumbuka hilo kila anapojaribiwa kueleza mambo asiyoyajua badala ya kusimulia aliyoyaona.

Baada ya Lisbon

Miaka mitano baadaye ulikuja msiba wa kweli. Tarehe 1 Novemba 1755, sikukuu ya Watakatifu Wote, asubuhi watu wakiwa kanisani, tetemeko kubwa liliubomoa mji wa Lisbon, Ureno. Bahari ikafurika, moto ukateketeza yaliyobaki, na makumi ya maelfu ya watu walikufa. Swali la London likarudi likiwa zito zaidi, kwa maana safari hii wengi walifia ibadani, chini ya paa za makanisa.

Serikali ya Ureno, chini ya waziri ambaye baadaye aliitwa Marquês de Pombal, ilituma orodha ya maswali kwenye parokia za nchi nzima. Tetemeko lilidumu muda gani? Watu wangapi wamekufa? Bahari ilipanda kwanza au ilishuka kwanza? Waliopaswa kujibu walikuwa mapadri wa parokia, wale wale waliokuwa wakiwazika watu. Katika habari hii yote, hapa ndipo panaponigusa kuliko pengine. Padri anazika mchana, na jioni anaketi kuandika kwamba maji yalirudi nyuma kabla ya kufurika.

Mwaka 1760 John Michell, mwalimu wa Cambridge ambaye baadaye alikuwa kasisi wa Thornhill, alizikusanya taarifa za aina hiyo na kutoa hoja iliyodumu. Alisema tetemeko husafiri ardhini kama wimbi, na kwamba ukilinganisha saa lilipofika mahali mbalimbali unaweza kutafuta lilikoanzia. Alikadiria kwamba wimbi la Lisbon lilienda zaidi ya maili 20 kwa dakika. Naye alikosea kuhusu chanzo, kwa maana alidhani ni mvuke wa maji yanayokutana na moto chini ya ardhi. Lakini wazo la wimbi na la kutafuta chimbuko lake ndilo linalotumika hata leo. Kwa njia hiyo iliyoboreshwa, tetemeko la Kagera lilijulikana lilianzia wapi katika muda mfupi.

Neno la Bwana juu ya mnara

Sasa nirudi kwenye lile benchi karibu na mlango. Ningesema nini?

Ningefungua Luka 13. Bwana Yesu aliletewa habari za watu waliouawa, naye akaongeza habari ya watu kumi na wanane walioangukiwa na mnara huko Siloamu. Aliuliza kama wale walikuwa wakosaji kuliko wakazi wote wa Yerusalemu, akajibu mwenyewe kwamba sivyo. Kwa neno hilo alifunga mlango ambao yule mzee wetu aliufungua. Kisha akawageukia waliouliza, akawaambia watubu wao. Toba ipo, lakini inamhusu anayesikia habari, haimhusu aliye chini ya kifusi.

Kisha ningekwenda kwa Eliya juu ya mlima, katika 1 Wafalme 19. Tetemeko lilipita, na Bwana hakuwamo katika tetemeko. Luther alifundisha kwamba Mungu hutenda kazi akiwa amejificha nyuma ya viumbe vyake kama mtu aliyevaa barakoa, na kwamba tukijaribu kuisoma nia yake kwenye barakoa tutapotea. Moyo wake ameuonyesha mahali pamoja, yaani msalabani. Mathayo anasimulia kwamba hata pale nchi ilitetemeka, lakini wakati ule aliyepigwa alikuwa Mwana wa Mungu, wala hakupigwa kwa dhambi zake mwenyewe.

Mwisho ningesoma Matendo 16. Usiku wa manane huko Filipi tetemeko lilitikisa misingi ya gereza na milango ikafunguka. Paulo hakuanza kueleza maana yake. Neno lake la kwanza lilikuwa kumpigia kelele mlinzi wa gereza asijiue. Aliokoa uhai kwanza, mahubiri yakafuata. Kwa hiyo anayejifunza jinsi ya kujenga nyumba isiyowaangukia watoto wake, au anayepima mitikisiko ili jirani aonywe asijenge penye hatari, anatembea nyayo za Paulo usiku ule.

Miezi michache baadaye nilimwendea yule mzee, tukaisoma Luka 13 pamoja. Alisoma mara mbili, akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Kwa hiyo Mchungaji, unasema tusitubu?" Nikamwambia, "Tutubu, mzee wangu. Ila toba yetu, si yao." Jumapili iliyofuata niliomba radhi mbele ya jumuiya kwa kunyamaza kwangu, nikalitaja kuwa ni kosa la mchungaji, si la mzee. Yule mama alikuwa amekaa kwenye benchi lile lile. Baada ya ibada mzee alimwendea, akamuuliza nyumba ya kaka yake imefikia wapi. Akamjibu kwamba kuta zimesimama, bado mabati.